Dakika Kumi na Tano za Soko la Kingalu

Mwenye gari alikuwa ameacha vioo wazi vidole viwili, tena aliegesha mvulini. Alipoingia Soko la Chifu Kingalu, Morogoro, kununua ndizi, kivuli kilikuwa juu ya boneti. Aliporudi kilishahamia gari la jirani. Mbwa wake, jike la kizungu lenye manyoya mengi, alikuwa amejikunja chini kati ya viti, ulimi mwekundu kupindukia, ute mzito ukining'inia mdomoni. "Dokta, nimekaa dakika kumi na tano tu. Na leo kuna mawingu," aliniambia, akinionyesha milima ya Uluguru.

Milima hiyo inatudanganya wengi. Ubaridi wa Morningside, kule juu mlimani, unabaki hukohuko Morningside. Mji uko mita 500 hivi tu kutoka usawa wa bahari, na Januari mchana joto hupita nyuzi 30. Halafu gari lina hali yake ya hewa. Jua hupenya kioo, dashibodi na viti vinachemka, joto linakosa pa kutokea. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha vipimo vya gari lililoegeshwa juani siku zenye nyuzi 22 hadi 36. Ndani ya saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 zaidi ya la nje, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana.

Wewe ungeloa jasho. Mbwa jasho lake liko kwenye nyayo tu, nalo halimtoshi. Anajipoza kwa kutweta, maji yakikauka ulimini na puani. Ndani ya gari lililofungwa, pumzi yake mwenyewe inajaza unyevu, na kutweta kunageuka kazi bure. Kawaida mwili wake una nyuzi 38 hadi 39. Ukipita 41, figo, utumbo na ubongo vinaanza kuharibika. Wenye pua bapa, wanene na wazee huzidiwa mapema zaidi.

Yule jike tulimtoa, tukamlaza kivulini, tukamwagia ndoo mbili za maji ya bomba tumboni na mapajani huku kijana wa magenge akimpepea kwa boksi. Usimfunike taulo bichi ukaliacha, linashika joto. Akiweza kumeza, mpe maji kidogo kidogo, usimlazimishe. Poza kwanza, ndipo uwashe gari kwenda kwa daktari wa mifugo, hata kama ameshasimama na kutikisa mkia, kwani figo huweza kufeli siku ya pili au ya tatu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, ila askari hawezi kusimama kila kwenye maegesho. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku ya soko mwache mbwa nyumbani, chini ya mwembe, na beseni la maji.