Mtafiti Akikuomba Mkojo

Hebu fikiria uko sekondari Dakawa. Mgeni anaingia darasani na boksi la vikopo. Anasema anasomea Shahada ya Uzamivu, ile ya juu kabisa, ambayo ukiipata unaitwa Daktari hata kama hujawahi kumdunga mtu sindano. Anachunguza kichocho, kwa hiyo anaomba mkojo wenu. Darasa zima kicheko!

Kwa nini aje Dakawa? Mashamba ya mpunga hapa humwagiliwa kwa maji ya Mto Wami, na konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hupenda maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, kama ya mifereji na majaruba. Anataka mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi. Huchuja mililita 10, kisha huhesabu mayai kwa darubini. Yakifika 50, ugonjwa ni mkali.

Je, anajifanyia tu anavyotaka? Hata kidogo. Ana msimamizi, mtafiti mzoefu wa chuoni kwake, anayesoma mpango wake na kuurudisha umejaa wino mwekundu, mara tatu, mara nne. Mpango hupelekwa pia kwenye kamati ya maadili. Kitaifa, kibali hutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Bado kuna barua za mkoa, wilaya na kijiji. Mwaka unaweza kuisha hajagusa kikopo!

Sasa swali mnaloogopa kuuliza: nikikataa, nitachapwa? Hairuhusiwi. Kama hujafika miaka 18, mzazi au mlezi anasaini, lakini na wewe mwenyewe lazima ukubali. Unaweza kujitoa hata katikati. Kikopo kinaandikwa namba, siyo jina lako. Na ukikutwa na mayai, mtafiti ahakikishe unapata prazikwanteli. Kuhesabu mayai ya mtu halafu ukaondoka zako, huo siyo utafiti.

Kazi nyingine ya msimamizi ni kuhakikisha majibu yasiyopendeza hayafichwi. Kusini mwa mkoa huuhuu wa Morogoro, kijijini Lupiro, Fredros Okumu wa Taasisi ya Afya Ifakara alitumia vibanda maalumu kupima kama kupulizia dawa ukutani kunamwongezea kinga mtu anayelala kwenye chandarua chenye dawa. Wengi wangetegemea kinga maradufu. Yeye alikuta nyongeza ni ndogo, akaandika hivyohivyo, na mwaka 2012 akapata uzamivu wake London.

Mwisho, baada ya miaka mitatu, minne au zaidi, mwanafunzi huketi mbele ya watahini kuitetea tasnifu yake. Hapo msimamizi hamjibii. Ila wewe usingoje siku hiyo. Muulize siku ileile ya vikopo: "Majibu ya shule yetu utatuletea lini?"