Mbogani, Nyumba ya Kahawa Chini ya Ngong

Nyumba ya Karen Blixen iko kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, katika mtaa ambao leo unaitwa Karen. Haina ghorofa. Kuta zake ni za mawe ya kijivu, paa ni la vigae, na ukisimama kwenye bustani siku ya anga safi unaviona vilima vya Ngong. Mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, aliijenga mwaka 1912. Mwaka 1917 ikachukuliwa na Karen Blixen wa Denmark na mumewe Bror, walioendesha shamba la kahawa kwa fedha za jamaa zao wa Ulaya. Jina lake la zamani ni Mbogani. Wageni huambiwa maana yake ni nyumba ya msituni, ingawa sikio la Mswahili husikia mboga zaidi ya msitu.

Vyumba vimepambwa kama vya wakati ule, lakini si kila kinachoonekana kilikuwa cha mwenye nyumba. Baadhi ya samani ni zake; nyingine ziliachwa na watengenezaji wa filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu chake. Filamu hiyo ndiyo iliyoamsha hamu ya watu, na mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Serikali ya Denmark ilikuwa imeikabidhi Kenya mwaka 1964, kama zawadi ya uhuru.

Jiko limejitenga nyuma ya nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya walowezi: moshi na wapishi viwe mbali, chakula kifike mezani kikiwa moto. Mpishi mashuhuri wa hapa alikuwa Kamante Gatura, kijana wa Kikuyu.

Anayeishia vyumbani hajaliona shamba. Nje imesalia mitambo ya kahawa, likiwemo pipa kubwa la chuma la kukaushia. Buni zilichumwa kwa mkono, zikamenywa, zikaoshwa, zikakaushwa na kukobolewa, kisha magunia yakapelekwa kwenye reli kwa magari ya kukokotwa na maksai. Kahawa ilifunika ekari 600 hivi. Tatizo lilikuwa mahali penyewe: zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, pana baridi kupita kiasi kwa mibuni, na mvua haikutegemeka. Mwaka 1923 kiwanda kiliungua. Karen na Bror walitalikiana mwaka 1925, Karen akabaki na shamba na madeni yake, hadi bei ya kahawa ilipoanguka duniani. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, likakatwa viwanja vya makazi, naye akarudi Denmark.

Kazi yote hiyo ilifanywa na maskwota, wengi wao Wakikuyu. Sheria ya kikoloni iliwahesabu kuwa vibarua wanaoishi kwenye ardhi ya mlowezi, hata pale walipozaliwa: familia ilipewa ekari chache za kulima na kulisha mifugo, nayo ikalipa kwa siku 180 za kazi kila mwaka. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuhama. Karen aliwasihi wakuu wa serikali maskwota hao wasitawanywe, nao wakapewa ardhi Dagoretti. Nyumba zao zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na bustani ya leo haina alama yazo.