Minyoo wa mboji: samadi mbichi inawaua

Wiki iliyopita nilipigiwa simu na kijana mmoja anayelima nyanya na hoho. Kanunua kilo ya minyoo wekundu kwa hela ya maana, akawatia kwenye boksi lenye samadi ya ng'ombe iliyotoka bandani asubuhi hiyo hiyo. Siku ya tatu, wote wamekufa.

Kosa hilo hata mimi nililifanya, kwa hiyo simcheki mtu. Samadi mbichi ukiirundika inachemka yenyewe, inaweza kupita nyuzi joto 50. Minyoo hawa wanafurahia nyuzi 15 hadi 25. Ikipita 35 wanatoroka au wanakufa. Kwa hiyo iache kivulini wiki mbili tatu, uigeuze na kuimwagia maji, mpaka ukizamisha mkono katikati usikie ubaridi. Na kama ng'ombe wamepewa dawa ya minyoo juzi juzi, samadi yao usiitumie kwanza. Dawa haichagui mnyoo wa tumboni na wa boksini!

Halafu usichimbe nyungunyungu wa shambani ukadhani umeokoa hela. Wale wengi wao wanaishi chini kwenye udongo, boksini hawadumu. Unaowataka ni wembamba wekundu wanaokaa juu juu kwenye vitu vinavyooza, kitaalamu Eisenia fetida.

Unyevu unapimwa kwa kiganja: kamua, yatoke matone mawili matatu. Yakitiririka, minyoo watakosa hewa. Walishe maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, karatasi za maboksi. Ndimu, pilipili, vitunguu, chumvi na mafuta, hapana. Miguu ya boksi isimame kwenye makopo ya maji, siafu wasipande.

Baada ya miezi miwili mitatu utaona mboji nyeusi kama kahawa iliyosagwa. Weka chakula kipya upande mmoja tu. Minyoo watahamia huko wenyewe, nawe uchote upande wa pili.

Sasa tuongee biashara. Kilo ya minyoo inakula kama nusu kilo kwa siku, basi usiote kulisha ekari nzima mwaka huu. Anzia kwenye kitalu, na konzi moja kwenye kila shimo la mche. Udongo wa kichanga utaanza kushika maji. Mbolea ya dukani ipunguze taratibu, usiiache kwa mkupuo.

Yule kijana kaagiza minyoo wengine. Samadi yake iko chini ya mwembe tangu Jumatatu. Jana kaniambia mkono bado unasikia joto. Nimemwambia asubiri.