Mafuta ya Bangi na Maumivu: THC na CBD Si Kitu Kimoja



Siku hizi si ajabu kukuta katika nyumba yenye mgonjwa wa saratani kichupa kidogo cha mafuta kilichotumwa na ndugu aliyeko Uingereza au Marekani. Juu yake pameandikwa CBD, na aliyekituma amesisitiza kwa simu kwamba hiyo ni bangi, lakini si ile ya kulevya, tena inaondoa maumivu kabisa. Wenye nyumba hubaki njia panda. Wengine humpa mgonjwa kwa siri, wengine hukitupa chooni, na wapo wanaokwenda kutafuta bangi ya kawaida mtaani wakidhani ni dawa ile ile kwa bei nafuu.

Tumeona tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo. Mtu anayeumia usiku kucha haimsaidii kuambiwa tu kwamba bangi ni mbaya, wala haimsaidii kuambiwa kwamba ni dawa ya ajabu, halafu akaachwa na maumivu yake.

Kwanza tujue kwamba bangi si dawa moja. Ndani ya mmea huo mna kemikali zaidi ya mia moja za jamii moja, na mbili ndizo zilizochunguzwa kuliko nyingine. Ya kwanza ni tetrahaidrokanabinoli, kwa kifupi THC. Ya pili ni kanabidioli, yaani CBD. CBD ilitengwa kutoka kwenye mmea mwaka 1940 huko Marekani na Roger Adams na wenzake. THC ilitengwa ikiwa safi mwaka 1964 huko Israeli na Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni. Mechoulam alikuwa akisimulia jinsi alivyopewa na polisi kilo tano za hashishi kwa ajili ya uchunguzi, akazibeba ndani ya basi la abiria, na abiria wenzake wakawa wanashangaa harufu ile inatoka wapi!

Tofauti ya kemikali hizi mbili iko katika namna zinavyofanya kazi mwilini. Mwaka 1988 wataalamu wa Marekani walithibitisha kwamba katika ubongo mna vipokezi, yaani sehemu maalumu ambazo THC hujishikiza. Vipokezi hivyo vimo katika njia za maumivu, lakini vimo pia katika sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu, mizani ya mwili, hamu ya chakula na hisia. THC haiwezi kuchagua iguse maumivu tu na kuacha mengine. Ndiyo maana nafuu yake huja pamoja na usingizi, kizunguzungu, kusahau, na kwa wengine hofu au maruweruwe. CBD haivishiki vipokezi hivyo kwa nguvu, na kwa hiyo hailevyi. Wafanyabiashara wameichukua sifa hiyo moja na kuigeuza tangazo. Lakini kitu kutolevya si ushahidi kwamba kinatuliza maumivu.

Je, majaribio yanasema nini?

Tuanze na THC. Mwaka 1975 madaktari wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio kwa wagonjwa 36 wa saratani. Waliilinganisha THC na kodini, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini lakini hafifu kuliko mofini yenyewe. Miligramu 10 za THC zilituliza karibu sawa na miligramu 60 za kodini, na miligramu 20 karibu sawa na 120. Kwa hiyo si uongo kwamba THC hutuliza. Tatizo ni kwamba kwa kipimo kile cha miligramu 20 wagonjwa walisinzia mno, wakapepesuka na kuona ukungu, hata madaktari wenyewe wakaona hakifai kutumiwa kama tiba.

Baadaye watu walifikiri kwamba labda THC ikichanganywa na CBD itakuwa bora. Ikatengenezwa dawa ya kupuliza mdomoni yenye kemikali zote mbili karibu nusu kwa nusu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 177 wa saratani ambao dawa za jamii ya mofini zilikuwa hazijawatosha. Walioupata mchanganyiko walipata nafuu kuliko waliopewa dawa ya bandia isiyo na kitu ndani. Waliopewa THC peke yake hawakuonyesha tofauti ya wazi. Habari hiyo ilileta matumaini makubwa. Lakini majaribio makubwa zaidi yaliyochapishwa mwaka 2017 na 2018 hayakuthibitisha jambo hilo: katika kipimo kikuu kilichowekwa, mchanganyiko haukuishinda dawa ya bandia.

Kuna maumivu ya aina nyingine, yale ya mishipa ya fahamu, yanayochoma kama moto au kama shoti ya umeme. Mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya majaribio 16 yenye watu wapatao 1,750 yalionyesha kwamba, katika kila watu 100 waliotumia dawa za bangi, 39 walipata nafuu ya asilimia 30 au zaidi. Kwa waliopewa dawa ya bandia walikuwa 33. Tofauti ipo, lakini ni watu sita tu katika mia moja, na walioacha dawa kwa sababu ya madhara walikuwa wengi zaidi upande wa bangi.

Na CBD peke yake, ile iliyomo katika kichupa cha ndugu yetu? Hapa jibu ni fupi kuliko wengi wanavyotarajia. Watafiti waliopitia majaribio 16 ya CBD kwa maumivu, na kuchapisha kazi yao mwishoni mwa mwaka 2023, waliona kwamba 15 kati yake hayakuonyesha faida yoyote kuliko dawa ya bandia. Tusiidharau CBD kwa kila jambo: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iliyotengenezwa kwa viwango vya hospitali kwa aina za nadra za kifafa kikali cha watoto. Lakini kifafa ni kifafa, na maumivu ni maumivu.

Tena, maandishi ya kwenye chupa si ya kuaminika. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walinunua bidhaa 84 za CBD na kuzipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa chini ya theluthi moja, na 18 zilikutwa na THC ndani yake. Mzee aliyepewa matone ya "bangi isiyolevya" anaweza basi kulewa, akaanguka anapokwenda msalani na kuvunjika nyonga.

Kwa wale wanaofikiria bangi ya mtaani, iwe ya kuvuta au ya kuchemsha kama chai, hali ni mbaya zaidi, kwani hakuna ajuaye kipimo. Ikivutwa hufika ubongoni kwa dakika chache. Ikinywewa au kuliwa inaweza kuchelewa saa moja au mbili, na hapo ndipo mtu hudhani haijafanya kazi, akaongeza, akazidiwa. Vijana wanaoishi na mgonjwa nao huiona, na kwao hatari ya kuchanganyikiwa akili ni ya kweli.

Tumewasikia wengine wakisema kwamba Umoja wa Mataifa umekwisha kuihalalisha. Sivyo. Desemba 2020 nchi wanachama wa kamisheni ya dawa za kulevya zilipiga kura 27 dhidi ya 25 kuiondoa bangi katika jedwali la dawa za hatari kabisa. Ilibaki chini ya udhibiti mkali wa mkataba wa 1961. Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya inaikataza.

Sasa mgonjwa afanyiwe nini? Dawa iliyothibitika kwa maumivu makali ya saratani ipo, na si ya ghali: ni mofini ya maji, inayonywewa. Tunajua neno hilo huwatisha wengi. Hufikiri kwamba mgonjwa akianzishiwa mofini ndiyo ameagwa, au kwamba atakuwa teja. Mgonjwa anayepewa mofini kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo cha daktari, ni nadra kuwa teja, na wengi huweza tena kulala, kula na kuzungumza na watoto wao. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi, na pamoja nayo hutolewa dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo. Jirani zetu wa Uganda walianza kuisambaza majumbani tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha huduma ya Hospice Africa mwaka 1993, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Kwetu, ulizeni katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au katika hospitali kubwa zenye idara ya saratani kama Bugando na KCMC. Mkiambiwa kwamba maumivu ni sehemu ya ugonjwa na hakuna la kufanya, msikubali; ombeni kumwona daktari mwingine.

Na kama mgonjwa wenu amekwisha kutumia mafuta hayo, msimfiche daktari. CBD hulichelewesha ini kuvunjavunja dawa nyingine, kama warfarini ya kuzuia damu kuganda na baadhi ya dawa za kifafa, hata zikazidi mwilini. Kwa kipimo kikubwa huweza kulidhuru ini lenyewe. THC ikikutana na mofini huongeza usingizi. Mwelezeni daktari ni matone mangapi, mara ngapi kwa siku na tangu lini, na msomeeni neno kwa neno yaliyoandikwa kwenye chupa.