Maji Matupu Hayafai Kwenye Rejeta

Ukipanda mlima Kitonga mchana wa jua kali, hukosi kuona gari limeegeshwa pembeni, boneti juu, dereva ameshika chupa ya maji akingoja mvuke upungue. Maji hayo yatamfikisha Iringa. Hatari yake huanza baadaye, yakiachwa humo miezi na miezi, kwa sababu maji matupu ya bomba au ya kisima huila injini kwa ndani.

Wengi wetu tumeaminishwa kwamba kulanti, kimiminika maalumu cha kupozea injini, ni ya nchi za theluji. Ni kweli glikoli iliyomo huzuia maji yasigande, na hilo halituhusu. Lakini vilevile hupandisha joto la kuchemka. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 tu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huongeza nyuzi kadhaa, na kifuniko cha rejeta kinachobana sawasawa huongeza nyingine 20 hivi kwa sababu ya shinikizo. Ndiyo maana kifuniko kilicholegea au kilichokatika mpira huchemsha gari ambalo halina ugonjwa mwingine wowote. Kabla ya kulaumu injini, tazama kifuniko.

Kazi kubwa zaidi ya kulanti, kwa maoni yangu, ni kuzuia kutu. Maji ya kwenye injini hugusa alumini ya silinda hedi, chuma cha bloku na metali ya rejeta yenyewe. Metali tofauti zikikaa pamoja kwenye maji yenye chumvi, mojawapo huliwa. Kutu na magadi huziba vijia vyembamba vya rejeta, wota pampu inachakaa, gari linaanza kuchemsha, na siku moja gasketi ya silinda hedi inaungua. Hapo ndipo baadhi ya mafundi hushauri themostati ing'olewe. Usikubali. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi, huku kilichoziba kikibaki kimeziba.

Viambato vya kuzuia kutu huisha nguvu hata kama kulanti bado ina rangi nzuri. Ile ya Toyota ya rangi ya waridi imepangiwa kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza, kisha kila kilomita 80,000. Gari lililotoka Japani likapitia kwa wamiliki wawili hapa, hujui liliongezewa nini njiani, kwa hiyo libadilishie mara moja kisha anza kuhesabu. Usichague kulanti kwa rangi. Rangi ni ya mtengenezaji tu, na mbili zinazofanana zinaweza kuwa na viambato visivyopatana. Fuata kitabu cha gari, na soma lebo. Isipotaja glikoli wala kipimo cha kuchanganya, huenda umeshika maji yaliyotiwa rangi.

Kazi yenyewe ya kubadilisha kulanti inawezekana nyumbani, ila injini iwe imepoa kabisa, yaani gari limelala usiku kucha. Rejeta ya moto ikifunguliwa, shinikizo hushuka ghafla na maji hugeuka mvuke usoni mwako. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka hita kwenye joto la juu, kinga beseni pana, fungua kifuniko kisha koki iliyo chini ya rejeta. Koki za magari mengi ni za plastiki: fungua na kufunga kwa vidole, bila spana. Mwaga pia iliyomo kwenye chupa ya akiba. Pima ulichotoa, maana kipimo hicho ndicho kitakachokuambia baadaye kama hewa imebaki ndani.

Yakitoka maji ya rangi ya kutu, jaza maji safi, washa injini mpaka ipate joto, zima, iache ipoe, mwaga tena. Rudia mpaka yatoke meupe. Kumbuka kwamba koki haimwagi kila kitu. Sehemu ya maji hubaki kwenye bloku na kwenye hita. Ukijaza kulanti iliyokwisha kuchanganywa juu ya maji hayo, itakuwa nyepesi mno. Kwa hiyo, baada ya kusuuza, nunua ile nzito isiyochanganywa. Mfumo ukibeba lita 6, tia kwanza lita 3 za kulanti, kisha malizia kwa maji yaliyotoneshwa. Hayo hupatikana kwenye maduka ya betri, lakini uliza vizuri, kwani dukani humo pia kuna asidi ya betri.

Jaza polepole huku ukibonyabonya mipira ya rejeta ili hewa itoke. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, na simama mbali kidogo. Themostati ikifunguka, kwa kawaida kwenye nyuzi 80 na kitu, mpira wa juu utapata moto na maji yatashuka. Ongeza, subiri feni izunguke, funga. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kagua tena. Magari mengi ya Ulaya yana skrubu maalumu za kutolea hewa, na yale ya haibridi yana mfumo wa pili unaopoza vifaa vya umeme. Hayo mpelekee fundi anayeyajua.

Iliyobaki ni ile kulanti chafu kwenye beseni. Glikoli ina ladha tamu, nayo ni sumu inayoua figo. Mbwa, mbuzi na kuku huinywa, na mtoto akiikuta kwenye chupa ya soda ataionja. Usiimwage mferejini wala shambani. Itie kwenye dumu lenye alama, lifungie mbali na watoto, usichanganye na oili chafu, na ulizia gereji au kampuni ya taka inayoipokea. Mtu akiinywa, hata kiasi kidogo, hata kama anaonekana mzima, mkimbize hospitali saa hiyohiyo na ubebe chupa yake daktari aione.