Kapeti ya Dereva Si Pambo: Neno kwa Wenye Magari ya Mbio Njia ya Garissa

Leo nazungumzia kitu cha chini kabisa ndani ya gari, kitu tunachokikanyaga kila siku bila kukitazama: kapeti za gari, ambazo wengine huziita mati. Najua wapo watakaosema huyu amekosa la kuandika. Wavumilie kidogo.

Ukifika Garissa jioni, baada ya Alasiri jua likishapunguza makali, utaona magari ya vijana yametoka. Mark X, Subaru Impreza, mara mojamoja hata Nissan Skyline ya zamani. Yameteremshwa chini, ekzosi zanguruma, rangi yang'aa utadhani mji hauna vumbi. Mengi ya magari hayo yaliteremka meli pale Kilindini, na wenyewe wana jamaa Malindi, Lamu na Mombasa, kwa hivyo wanapanda na kushuka na njia ya Garsen, Hola na Madogo. Ni zaidi ya kilomita 400 kutoka Mombasa, na sehemu kubwa barabara imenyooka kama uzi. Kijana akishaipata barabara ya namna hiyo, hahitaji kuambiwa akanyage.

Ndani nako kumepambwa. Viti vya ngozi, uturi, tasbihi kwenye kioo, na kapeti mpya nene iliyotandikwa juu ya kapeti ya zamani. Hapo kwenye kutandika moja juu ya nyingine ndipo nilipo mimi leo.

Mambo haya yana historia. Mwezi wa Agosti 2009, karibu na San Diego kule California, askari mmoja wa barabara kuu aliyekuwa mapumzikoni alipewa gari la kutumia, Lexus ES 350, huku lake likifanyiwa matengenezo. Ndani ya gari hilo palikuwa na kapeti ya raba iliyotengenezewa gari jingine kubwa, na haikuwa imefungwa kwenye klipu zake. Ikaibana pedeli ya mafuta. Gari likaenda kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa, akakanyaga breki mpaka zikaungua, na mwisho likaacha barabara. Alikufa yeye, mkewe, binti yake na shemeji yake. Huyo hakuwa mwanafunzi wa udereva. Alikuwa mtu wa kazi ya barabarani.

Kilichoniuma zaidi katika kisa hicho ni hiki: siku chache kabla, mteja mwingine alikuwa amelitumia gari hilohilo, pedeli ikamshika vilevile, akafaulu kuinasua, na aliporudisha gari akasema pale mapokezi kwamba kapeti ndiyo tatizo. Maneno yakaishia pale pale.

Mwezi uliofuata Toyota ikatangaza kuyaita magari milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu ya kapeti na pedeli. Miaka miwili kabla yake ilikuwa tayari imeziita kapeti 55,000 za raba kwa sababu hiyohiyo. Watu wakazidi kushuku kompyuta za magari, hata serikali ya Marekani ikawapa kazi wahandisi wa NASA, wale wa vyombo vya anga. Walichunguza miezi kumi, na taarifa ilipotoka Februari 2011 hawakupata hitilafu ya elektroniki ya kulifanya gari likimbie lenyewe. Kilichobaki mezani ni kapeti zinazobana, pedeli zinazokwama, na madereva waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki. Na mwaka 2014 Toyota ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwaficha wateja ukweli wa mambo hayo. Yote hayo yalianza na kipande cha raba cha kukanyagia.

Huku kwetu ajali ikitokea, taarifa husema dereva alishindwa kulidhibiti gari, basi. Nani huinama kuangalia kapeti ilikuwa wapi?

Sasa turudi Garissa, maana kule kuna mambo matatu yanayozidisha hatari. La kwanza ni mchanga. Punje zikiingia kati ya kapeti na sakafu ya gari hufanya kazi ya gololi: kapeti iliyokuwa imetulia huanza kuteleza mbele kila dereva anapokanyaga. La pili ni joto. Gari likikaa juani kule kwa saa mbili, gundi hulainika, na kapeti za plastiki hujikunja kingo. Ule utepe wa kunata pande mbili ambao fundi atakuambia unatosha, wiki mbili tu umekuwa uji. La tatu ni soko. Bidhaa nyingi za pale, iwe ni Soko Mugdi au duka la pembeni, hupitia Eastleigh kutoka Dubai, na Dubai usukani uko kushoto. Kapeti iliyokatwa kwa gari la usukani wa kushoto haiwezi kulikaa gari letu, hata jina la gari likiwa lilelile kwenye karatasi. Umbo la sakafu limegeuka, mapumziko ya mguu yako upande mwingine, na matundu ya klipu hayakutani na klipu. Muuzaji atakuambia inaingia. Kuingia itaingia, lakini kukaa haitakaa.

Nina dada yangu aliyeolewa Garissa, na mwanawe ana Mark X anayoipenda kuliko chakula. Tulikuwa tumevuka daraja la Mto Tana, tumeipita Madogo, twaelekea Hola. Akataka kulipita lori, akakanyaga mafuta mpaka chini. Tulipolipita, gari halikupunguza. Mlio ulibaki uleule. Nikamwambia apunguze, akanijibu kwa sauti ambayo sijaisahau, "Mjomba, mguu nimeutoa!" Mbele yetu, mbali kidogo, ngamia walikuwa wameanza kuvuka, na mchungaji mtoto nyuma yao.

Niliisukuma gia kwenye N. Injini ikapiga kelele kama inataka kupasuka, lakini magurudumu hayakuwa tena na nguvu yake, na breki zikashika. Tulisimama tukiwatazama wale ngamia wakipita kwa mwendo wao, hawana habari. Tulipofungua mlango tukaona: kapeti nene ya tambi za plastiki, iliyotandikwa juu ya ile ya asili, ukingo wake wa mbele umepanda na kuilalia pedeli.

Kwa hivyo kabla sijasema lolote la kununua, nieleze la kuokoa roho. Pedeli ikishika, usiiname kuvuta kapeti kwa mkono huku gari linakwenda. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu zako zote, na usiachie. Sababu yake ni kwamba boosta ya breki katika magari mengi ya petroli hupata nguvu kwa mvuto wa hewa wa injini, na injini ikiwa imefunguliwa mafuta mpaka mwisho mvuto huo haupo. Ile akiba iliyobaki yatosha mkanyago mmoja au miwili. Ukianza kupampu, unaimaliza, na pedeli ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Breki ikiwa imeshikwa, tia gia kwenye N; kwa gari la gia za mkono, kanyaga klachi. Elekea pembeni. Kuzima injini ni baada ya hapo, kwa sababu ikizimika usukani nao huwa mzito. Gari la ufunguo, rudisha ufunguo hatua moja tu, usiuchomoe, kwani usukani waweza kujifunga. Gari la kitufe, magari mengi ya Toyota hutaka ukibonyeze bila kuachia kwa takriban sekunde tatu. Yule askari wa California alikuwa ndani ya gari la kitufe.

Magari mapya zaidi yana mpango unaokata mafuta breki ikikanyagwa pamoja na pedeli ya mafuta. Lakini Mark X ya mwaka 2006 usiitarajie hilo.

Haya, kununua. Rai yangu ni kuwa gari lina kapeti za aina mbili: ya dereva, na za wengine. Za abiria chagua utakavyo, hata ukitandika busati la Lamu. Ya dereva haina uhuru huo.

Kapeti ya asili ya kitambaa, yenye matundu ya klipu, ndiyo bora kwa dereva, na nasema hivi hata kwa mtu wa Garissa anayelalamika kuwa inashika vumbi. Ni nyembamba, imekatwa kwa gari hilo, na inafungika. Mark X haitengenezwi tena tangu 2019, basi tafuta iliyotoka kwenye gari lililovunjwa, kwa wauza vipuri vya kale. Hakikisha ni ya mfano uleule, kwani sakafu ya Mark X ya kwanza na ya pili si moja.

Kapeti ya tambi, ile aliyokuwa nayo mpwa wangu, ina sifa yake: mchanga huzama ndani na viatu havichafuki. Ubaya wake ni unene. Gari la mbio hukaa chini, miguu hunyooka mbele, na nafasi iliyo kati ya pedeli na sakafu ni ndogo kuliko ya Probox au Land Cruiser. Unene ambao hauna neno kwenye Land Cruiser waweza kuwa balaa kwenye gari la chini. Raba yenye kingo zilizoinuka kama sinia yafaa msimu wa mvua, lakini geuza uangalie chini yake. Ikiwa ni laini haina vijino, iache hapo hapo. Zile za ngozi bandia zinazofunika sakafu nzima mpaka ubavuni ni nzuri kwa macho, ila zikikatwa vibaya upande wa mafuta, ukingo husimama pembeni mwa pedeli na kuubana mguu wenyewe.

Tazama pia pedeli yako imefungwaje. Magari mengi pedeli ya mafuta yaning'inia kutoka juu, na ncha yake ya chini ndiyo inayonaswa na kapeti. Mengine, kama Mazda Axela na Demio za kuanzia 2014 hivi, pedeli imesimama na bawaba yake iko sakafuni. Hizo, kapeti ikipanda juu ya bawaba, pedeli haikanyagiki sawasawa wala hairudi sawasawa. Kapeti yake ni lazima iwe imekatwa kuizunguka.

Kuifunga ndilo jambo wanalolidharau watu. Magari mengi ya Kijapani huwa na klipu au ndoano mbili sakafuni, karibu na kiti cha dereva. Mara nyingi gari likifika kwa mnunuzi wa pili au wa tatu klipu moja imevunjika na nyingine imepotea. Ni vitu vidogo na bei yake ni ndogo. Wauza vipuri wa Kirinyaga Road pale Nairobi wanazo. Zipo pia za kuzungushia ndani ya zulia la gari kama skrubu, na hizo zinashika vizuri. Usimruhusu fundi atoboe bati la sakafu, kwani chini ya zulia kuna nyaya, na chini ya bati kuna mipira ya mafuta na breki.

Ukikosa klipu, mpelekee kapeti fundi wa viti. Atapiga vitundu viwili vyenye pete za chuma ukingo wa nyuma, atie mkanda mfupi, na mkanda huo ufungwe kwenye reli ya kiti iliyoshikana na sakafu. Usiufunge kwenye kiti chenyewe, maana ukikisogeza kiti mbele unaisukuma kapeti nayo.

Kisha ipime. Injini imezimwa, kanyaga mafuta kwa mkono mpaka mwisho, achia. Irudi yenyewe haraka, bila kugusa chochote. Shika breki na klachi vivyo hivyo. Halafu fanya makusudi: isukume kapeti mbele kwa kisigino kwa nguvu zako, kama mtu anayetaka kuiharibu, upime tena. Ikisogea hata ikaikaribia pedeli, hiyo haijafungwa. Na kapeti ni moja tu upande wa dereva. Mbili hapana, hata ya pili ikiwa gazeti.

Vitu vingine vya sakafuni navyo viondoke. Kule njia ni ndefu na joto ni kali, basi kila dereva ana chupa ya maji au ya maziwa ya ngamia miguuni, na wengi huvua makubadhi wakaendesha peku. Chupa ikiviringika chini ya breki ni hadithi ileile. Makubadhi yawekwe upande wa abiria, chupa iwekwe mlangoni.

Na mwisho wapo vijana wa kuosha magari. Hao huzitoa kapeti zote, wakazipiga maji, wakazirudisha kwa haraka bila kugusa klipu, na wakati mwingine ya dereva ikaenda kwa abiria. Kabla hujalipa, fungua mlango, inama, ivute kwa mkono uone imeshika.