Je, daktari wa kesho anafundishwa kukulinda?

Kama umewahi kulazwa au kuuguza mtoto katika hospitali kubwa, bila shaka umewaona vijana waliovaa makoti meupe wakimzunguka daktari bingwa wakati wa raundi ya asubuhi. Hao ni wanafunzi wa udaktari. Wengi wetu hujiuliza kama wanayajua magonjwa na dawa zake. Ni wachache wanaojiuliza kama wamefundishwa kuzuia madhara yanayotokana na matibabu yenyewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara akiwa katika huduma za afya, na kwamba zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Mgonjwa hupewa dawa isiyo yake, mtoto hupewa dozi ya mtu mzima, kidonda cha upasuaji hupata maambukizi, au majibu ya maabara huandikwa jina la mtu mwingine.

Kwa miaka mingi mwanafunzi alijengewa imani kwamba daktari mzuri hakosei. Hivyo aliyekosea alificha, na aliyeona alinyamaza. Mwaka 2009 WHO ilitoa mwongozo wa kufundisha usalama wa mgonjwa katika vyuo vya udaktari, na mwaka 2011 ikatoa mwingine unaowahusu pia wauguzi, wakunga, wafamasia na madaktari wa meno. Somo hili linamweleza mwanafunzi kuwa kila binadamu huchoka na kusahau, kwa hiyo lazima ziwepo njia za kulinasa kosa kabla halijamfikia mgonjwa.

Njia mojawapo ni orodha ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla na baada ya upasuaji. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, ikiwamo moja ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kuwa kwa jumla vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Je, somo hili hubadili mtazamo wa wanafunzi? Ndiyo, lakini kuna kikwazo. Katika chuo kimoja cha jimbo la Missouri, Marekani, wanafunzi waliofundishwa walifuatiliwa kwa mwaka mmoja, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Baadhi ya mabadiliko yalidumu, mengine yalififia. Takriban robo tatu yao walisema wameshuhudia kosa. Wengi waliwasimulia wanafunzi wenzao, lakini asilimia 7 tu ndio walioliripoti katika mfumo rasmi wa hospitali.

Hapo ndipo penye tatizo. Mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani, kisha akafika wodini na kuogopa kumwambia mkubwa wake, "Samahani daktari, mgonjwa huyu ana mzio wa dawa hiyo." Akikaripiwa mara moja, mara ya pili atanyamaza. Darasa peke yake halitoshi kama wakubwa wodini hawataki kuambiwa.

Wewe mgonjwa au mzazi unaweza kusaidia kwa kuuliza mbele ya wote:

• Kabla ya dawa, damu au kipimo, taja jina lako kamili na uhakikishe ndilo lililoandikwa.
• Uliza dawa ni ya nini, na utumie kiasi gani.
• Kwa mtoto, uliza kama dozi imepangwa kwa uzito wake wa sasa.
• Sema mapema kama una mzio, ujauzito, au dawa nyingine unazotumia, hata za asili.
• Muulize anayekuhudumia kama amenawa au kutakasa mikono.

Uliza kwa heshima. Ukihisi kuna jambo halikwenda sawa, omba maelezo kwa muuguzi wa zamu, na usiporidhika nenda kwa mganga mfawidhi. Na mwanafunzi akikuuliza jina lako kwa mara ya tatu asubuhi hiyohiyo, usikasirike. Mjibu, maana anafanya kile alichofundishwa ili kukulinda.